Nati haibebi gari: kwa nini gurudumu huchomoka, na namna ya kulifunga likae

Muulize dereva yeyote ni kitu gani kinachoshikilia gurudumu kwenye gari, atakuonyesha zile bolti nne, tano au sita na nati zake. Muulize zinalishikaje, atakwambia limetundikwa juu ya bolti kama koti kwenye msumari, na nati ipo pale kulizuia lisitoke. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, na humo ndimo yanamozaliwa karibu makosa yote ya kufunga magurudumu. Anayedhani nati ni kizuizi tu ataridhika ikishaonekana "imeshika". Anayedhani bolti ni msumari wa kubebea mzigo atakaza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Wote wawili wanaweza kulipoteza gurudumu barabarani, kila mmoja kwa njia yake.

Gurudumu likifungwa sawasawa, uzito wa gari haulalii kwenye bolti. Unabebwa na msuguano. Mgongo wa rimu umebanwa kwenye uso wa habu (kile kitovu cha chuma ambacho bolti zimetokezea) kwa nguvu kubwa kiasi kwamba vyuma hivyo viwili haviwezi kuteleza kimoja juu ya kingine, hata gari lidumbukie shimoni, hata dereva akanyage breki ghafla kwenye mteremko. Chukua kitabu, kibane katikati ya viganja viwili, kisha kinyanyue. Kinakaa hewani bila kitu chochote chini yake. Legeza viganja kidogo na kitaanza kuserereka. Bolti na nati zinafanya kazi ya viganja hivyo: zinabana.

Bolti ni springi

Nati inapofika kugusa rimu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila unapoizungusha zaidi ya hapo unaivuta bolti, nayo inarefuka. Chuma kikivutwa kwa kiasi chake hutaka kurudi kilipokuwa, kama mpira wa manati, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana rimu na habu pamoja. Nguvu hiyo tuiite bana.

Hebu tuweke tarakimu. Bolti nyingi za magari madogo zina kipenyo cha milimita 12. Nati yake ikikazwa kwa Nm 110 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha ambayo mafundi huiita torki), hesi (ile mifereji iliyochongwa kuzunguka bolti na ndani ya nati) zikiwa safi na kavu, bolti hiyo moja inabana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani nne na nusu. Bolti tano zinapita tani 22. Gari lenyewe zima, pamoja na abiria, mara nyingi halifiki tani mbili. Kwa hiyo akiba ya usalama ni kubwa sana, na mtu anaweza kujiuliza gurudumu linachomokaje basi.

Linachomoka kwa sababu akiba hiyo yote imehifadhiwa mahali padogo mno. Sehemu ya bolti inayovutwa, kutoka habu hadi nati, ina urefu wa sentimita tatu hivi. Kwa torki ile ya Nm 110 inarefuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, pungufu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Tani 22 zimesimama juu ya unene wa karatasi.

Ukishalielewa hilo, mengi yanajieleza yenyewe. Chukua rimu iliyopakwa rangi upya, mpaka nyuma, pale inapogusana na habu. Rangi inapendeza na nati zinakazwa vizuri. Baada ya kilomita kadhaa za joto la breki na mitikisiko, rangi ile inasagika na kupungua unene. Ikipungua nusu ya ule urefu uliovutwa, nusu ya bana imekwenda, ilhali nati haijazunguka hata kidogo. Kutu inafanya hivyo hivyo. Hali kadhalika tope lililokauka, chembe za mchanga, au ukucha mdogo wa chuma uliobaki kwenye tundu la rimu. Vyote hivyo huonekana vigumu siku ya kufunga, kisha hukaa chini polepole. Nati haikulegea, kilicholegea ni bana.

Ndiyo maana vile vishale vya plastiki vinavyovishwa nati za malori na mabasi, vikiwa vimeelekezana mmoja kwa mwingine, havimalizi maneno. Vinaonyesha nati ikizunguka, na kwa hilo vina faida. Bana inaweza kushuka sana huku vishale vyote vikiwa bado vinatazamana kama siku ya kwanza.

Kutoka kulegea hadi kuchomoka

Zamani iliaminika kwamba mtetemo tu ndio unaofungua nati. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mwendo unaofungua nati haraka zaidi ni ule wa pembeni: vipande viwili vilivyofungwa pamoja vikianza kuteleza kushoto na kulia, nati hujifungua yenyewe. Kila telezo moja huvunja kwa nukta ndogo ya muda ule msuguano unaoishika nati kwenye hesi, na katika nukta hiyo bolti iliyovutwa huisukuma nati irudi nyuma kidogo.

Sasa rudi kwenye gurudumu. Bana ikiwa kamili, rimu haitelezi, na nati haina sababu ya kufunguka. Bana ikishuka chini ya kiwango fulani, rimu inaanza kucheza juu ya habu, kidogo sana, mara moja kila mzunguko. Tairi la kawaida la gari dogo huzunguka mara 500 hivi kwa kila kilomita moja. Safari ya kilomita 100 ni mizunguko 50,000, na katika kila mmoja nati inapata nafasi ya kurudi nyuma kidogo.

Wakati huo huo bolti, ambazo hazikuumbwa kwa kazi ya msumari, zinageuzwa kuwa misumari. Zinapindwa huku na huku katika kila mzunguko, kama mtu anayekata waya kwa kuukunja na kuukunjua. Moja inakatika. Mzigo wake unahamia kwa jirani, jirani naye anachoka upesi zaidi, na mwisho wake ni gurudumu linaloipita gari yake njiani.

Hapa kuna jambo linalopotosha hata wenye uzoefu. Mtu akizikuta bolti zimekatika husema palepale: zilikuwa mbovu, au zilikazwa kupita kiasi. Huenda. Lakini bolti iliyolegea nayo hukatika, na hilo ni la kawaida kabisa. Itazame sehemu iliyokatika. Ikiwa na eneo laini lenye mistari iliyopindana kama ya gamba la kombe, kisha kipande cha mwisho kikwaruzo, chuma hicho kilichoka polepole kwa kupindwa, na mara nyingi chanzo ni bana ndogo. Iliyovutwa ikakatika kwa mkupuo mmoja haina mistari hiyo. Huwa imenyongeka shingo kabla ya kukatika.

Si kila gurudumu linalochomoka lina kesi na nati. Wakati mwingine beringi huharibika, na habu nzima inaondoka pamoja na rimu, nati zote zikiwa zimekaza mahali pake. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilipotoa ripoti maalumu mwaka 1992 kuhusu malori yanayopoteza magurudumu, mambo mawili yalitajwa mbele: ukazaji mbaya wa nati na beringi zilizokufa. Makala hii ni ya hilo la kwanza.

Kwa nini torki hudanganya

Ikiwa tunachotaka ni bana, kwa nini tunapima torki? Kwa sababu bana haionekani, na torki angalau inasomeka kwenye spana ya torki, ile inayolia ikifika kipimo ulichoiwekea. Lakini uhusiano wa viwili hivyo ni wa mashaka. Ukikaza nati, takriban nusu ya nguvu yako inaishia kwenye msuguano chini ya nati, pale inapokaa kwenye rimu. Sehemu nyingine kubwa, kama asilimia 40, inamezwa na msuguano wa hesi. Asilimia 10 tu hivi ndiyo inayokwenda kuivuta bolti.

Maana yake ni kwamba badiliko dogo la msuguano linaligeuza jibu. Hesi zikiwa na kutu, spana italia "ka!" kwenye Nm 110 kama kawaida, lakini nguvu nyingi imeishia kusaga kutu na bolti haijavutwa inavyotakiwa. Hesi zikipakwa grisi, mlio ni uleule kwenye Nm zilezile, na bolti imevutwa zaidi, pengine kwa theluthi nzima au kupita hapo. Spana imesema kweli mara zote mbili. Swali ndilo halikuwa lile tulilotaka kuliuliza.

Kutokana na hilo ugomvi wa miaka mingi kati ya mafundi, paka oili au usipake, hauna mshindi mmoja. Kwa magari madogo mengi, takwimu iliyo kwenye kitabu cha gari imepigiwa hesabu ya hesi safi na kavu, hivyo oili inaharibu hesabu. Kwa malori mengi yenye nati za vipande viwili, zile ambazo washa yake (kile kisahani cha chuma chini ya nati) imeunganishwa na nati lakini inazunguka peke yake, baadhi ya watengenezaji wanaagiza tone la oili kati ya nati na washa ili nati izunguke bila kukwaruza. Fundi wa malori anayepaka na fundi wa magari madogo anayekataza wanaweza wote kuwa sahihi. Kitabu cha gari husika ndicho hakimu.

Na kukaza mno je?

Springi ikivutwa kupita kikomo chake hairudi. Bolti iliyokazwa kupita kiasi hurefuka moja kwa moja, hesi zake zinapotoka, na bana unayodhani umeiongeza inaanza kupungua. Haitakwambia siku hiyo. Itakwambia siku nyingine, ikifunguliwa au ikikazwa tena. Niliwahi kumtazama kijana mmoja akisimama kwa miguu miwili juu ya mpini wa spana, akarukaruka, kisha akasema, "Hii haitoki ng'o, mzee." Ilitoka, siku ya pancha, pamoja na nusu ya bolti.

Tena kuna diski ya breki, ambayo imebanwa pamoja na rimu. Nati zikikazwa kwa nguvu zisizolingana, moja Nm 90 na nyingine Nm 200, diski inaweza kupinda kidogo, na pedali ikaanza kutetemeka mguuni kila unapofunga breki. Wengi hubadilisha pedi na kukwangua diski bila kujua kwamba chanzo ni mashine ya hewa iliyotumika kukaza nati.

Kuhusu mashine hiyo sina ubishi: kwa kufungua ni neema. Kwa kukazia mwisho haina macho. Nguvu inayotoa inategemea presha ya hewa, urefu wa mpira, uchakavu wake na sekunde ambazo kidole kimebaki kwenye kitufe. Anayekwambia anaisikia kwa sikio anajiamini kuliko inavyofaa.

Nati inayoingia si lazima iwe yake

Nati za magurudumu zina makalio, yaani upande unaokaa kwenye rimu, ya aina tatu kubwa. Zipo za koni, ambazo nyingi zina pembe ya nyuzi 60. Zipo za mviringo kama tako la mpira. Na zipo bapa zenye washa. Rimu nayo ina tundu lililochongwa kwa aina moja kati ya hizo. Ukiweka nati ya koni kwenye tundu la mviringo itaingia, itakaza, spana italia. Lakini zinagusana kwenye mstari mwembamba tu badala ya uso mzima, na mstari huo utasagika kwa safari chache. Anayebadilisha rimu za chuma kuweka za aluminiamu, kisha akarudishia nati zilezile bila kuangalia makalio yake, ameanza vibaya hata kabla ya kushika spana.

Hesi nazo zinafanana kwa macho. Bolti ya milimita 12 inaweza kuwa na hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 1.5 au 1.25. Nati isiyo yake huingia mizunguko miwili mitatu kisha ikagoma. Ukitumia vidole utasikia ule mgomo. Mashine ya hewa haitausikia, itaisukuma mpaka ndani na kuzisaga hesi zote. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, nati inapaswa kuzunguka kama mara nane tangu kushika hadi kukaa. Ikikaa baada ya mizunguko minne, jiulize kuna nini.

Hata kiwanda kinaweza kukosea kwenye kiungo hiki kinachoonekana rahisi. Mwezi Juni 2022 Toyota iliita magari yake mapya ya umeme ya bZ4X, yapatayo 2,700, kwa sababu bolti za magurudumu zingeweza kulegea kiasi cha gurudumu kuchomoka. Marekebisho yaliyofuata yalikuwa pamoja na kuweka bolti zenye washa. Gari jipya kabisa, la kampuni yenye uzoefu wa miongo mingi, na suala likawa lilelile: bana inayodumu au isiyodumu.

Kufunga kwenyewe

Anza na uso wa habu. Brashi ya waya, kisha kitambaa kikavu, mpaka chuma kionekane. Fanya hivyo pia mgongoni mwa rimu. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani baada ya gurudumu kukaa, nami naiona ina uzito kuliko spana ya bei yoyote. Kagua hesi, brashi inatosha kama zina vumbi, lakini zikiwa zimeliwa, bolti ibadilishwe.

Weka gurudumu, shika nati kwa vidole, zungusha mpaka zote zimekaa. Gari likiwa bado kwenye jeki, zikaze kiasi kwa mpangilio wa nyota, yaani ukitoka nati moja unakwenda ya upande wa pili. Ukifuata mzunguko kama mishale ya saa, nati ya kwanza inailaza rimu upande wake, na za mwisho zinabana rimu iliyokaa tenge. Spana italia vizuri tu. Kisha gari likianza kutembea, rimu inajinyoosha na bana inatoroka. Baada ya hapo shusha gari kidogo tairi liguse chini lisizunguke, ukaze kwa nusu ya torki, halafu kwa torki kamili, nyota ileile.

Torki kamili ni ngapi? Iko kwenye kitabu. Magari madogo mengi yako kati ya Nm 80 na 140. Malori makubwa yenye bolti za milimita 22 yanapita Nm 600. Spana ya torki ivutwe taratibu, na ikilia mara moja inatosha. Mazoea ya kuibonyeza mara ya pili na ya tatu "kwa uhakika" yanaongeza kukaza juu ya kukaza.

Ukiwa barabarani bila spana ya torki, hesabu ya kichwani inasaidia: nguvu mara urefu wa mpini. Ukikandamiza kwa kama kilo 30 mwisho wa mpini wa nusu mita, umefika karibu Nm 150. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini wa sentimita 30 amepita Nm 200. Na bomba la mita moja lililochomekwa kwenye spana, likisukumwa kwa kilo 30 zilezile, linakaribia Nm 300. Mikono peke yake inatosha kukufikisha gereji. Bomba liache.

Kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, magurudumu yakiwa yamepoa. Usifungue nati kwanza. Weka spana kwenye torki ileile na uone kama itazunguka kabla ya kulia. Kuzunguka kidogo mara ya kwanza ni vile vyuma vilivyokuwa vinakaa chini, na umerudisha karatasi yako. Fundi mzuri atakuomba urudi mwenyewe, na asichukuliwe kwamba hajiamini. Nati ikizunguka tena kwenye ukaguzi wa pili, acha kukaza: vua gurudumu utafute rangi, kutu, tundu lililolika au nati isiyo yake.

Dalili za barabarani ni chache lakini ziko wazi. Mlio wa kugonga kwenye mwendo mdogo, unaobadilika ukikata kona. Usukani unaotikisika ghafla siku moja baada ya kubadilisha tairi. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye nati kama machozi. Ukiona mojawapo, simama mahali salama, hata kama umebakiza kilomita tano.

Gurudumu lililokwisha kucheza halitibiwi kwa kukaza tu. Bolti moja ikiwa imekatika, badilisha hiyo na majirani zake wa pande zote mbili, kwa sababu ndizo zilizobeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote. Pitisha kidole kwenye matundu ya rimu. Tundu lililokuwa duara na sasa limekuwa kama yai halitashika nati tena, hata nati ikiwa mpya.